Elimu ya Uimbaji katika Sharika Zetu

Apitaye Jumapili asubuhi katika vijiji vya nchi yetu vyenye makanisa, iwe ni chini ya migomba ya Kagera, katika mabonde ya Usambara au katika nyanda za baridi za Njombe, jambo la kwanza limfikialo kwa kawaida si mahubiri, bali ni wimbo. Wimbo huo huvuka mashamba kabla jengo lenyewe halijaonekana. Waimbao ni wakulima, mafundi, wauzaji wa sokoni, wanafunzi na akina mama wenye watoto mgongoni. Wamekutana jioni mbili au tatu katika juma baada ya kazi. Hawalipwi, na sare zao wamezichangia wenyewe. Ni vigumu kutaja sanaa nyingine inayowakusanya watu wetu wengi namna hii kwa gharama ndogo namna hii. Hata hivyo, tuandikapo juu ya utamaduni wa taifa, twaandika juu ya ngoma, vinyago, mashairi na taarabu, nayo kwaya twaipitia upesi kana kwamba ni mgeni aliyekuja kulala usiku mmoja tu.

Sisi tumefundisha kwaya, na kuwafundisha walimu wa kwaya, katika sharika za vijijini kwa miaka mingi. Hatukusudii kuandika hapa historia kamili ya uimbaji huo. Twataka kulitetea jambo moja, nalo ni hili: elimu ya uimbaji ni mali ya usharika mzima, wala si ya kwaya peke yake, sembuse ya mwalimu peke yake, na elimu hiyo haijatimia mpaka watu wajue kuzisoma na kuziandika nyimbo zao wenyewe. Pasipo hayo, wimbo hukaa katika kichwa cha mtu mmoja, na siku mtu huyo aondokapo, wimbo huondoka naye.

Yafaa kwanza tuwajibu wale wasemao kwamba kwaya ni jambo la kigeni, lisilostahili kuingizwa katika mazungumzo ya utamaduni wa taifa. Ni kweli kwamba neno lenyewe limetoka ng'ambo, na kwamba nyimbo nyingi za kwanza zililetwa na wamisionari pamoja na tuni zake. Lakini kuimba kwa sauti mbalimbali kwa pamoja hakukuletwa na mtu. Wagogo wa Dodoma wamekuwa wakiimba kwa sauti kadhaa zinazokwenda sambamba, kwa ngazi ya sauti iliyo yao wenyewe. Kadhalika, kuongoza na kuitikia, mmoja akianza na wengi wakipokea, ni desturi ya kazi, ya msiba na ya harusi karibu katika makabila yetu yote. Mgeni huyu basi alipobisha hodi alikuta nyumba yenye waimbaji.

Tena, taifa letu lenyewe lina deni kwa kwaya. Tuni ya wimbo wetu wa taifa, tulioupokea Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, ambaye pia alikuwa kiongozi wa kwaya. Aliutunga kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani katika ibada ya kumwekea mchungaji mikono, na baadaye ukawa wimbo wa mapambano ya Waafrika wa Afrika Kusini, kisha ukavuka mipaka ukafika kwetu na Zambia pia. Sontonga alifariki mwaka 1905. Nyimbo zake alikuwa ameziandika katika daftari. Walimu wengine wa kwaya waliliazima daftari hilo, likapita mkono hadi mkono, na leo halijulikani lilipo. Wimbo ule mmoja ulisalimika kwa sababu ulinakiliwa, ukafundishwa na hatimaye ukachapwa. Zilizosalia tumezikosa. Mwalimu wa kwaya asomaye habari hii hana budi kuuliza: daftari langu liko wapi, na ni nani mwingine awezaye kulisoma?

Chombo ambacho walimu wa namna ya Sontonga walikitumia ni kile tukiitacho solfa, yaani kuandika muziki kwa herufi za do, re, mi, fa, so, la, ti, badala ya kuziweka alama juu ya mistari mitano. Asili yake yastahili kukumbukwa, kwa kuwa inaunga mkono hoja yetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Norwich, Uingereza, mwalimu mwanamke aitwaye Sarah Glover alibuni njia rahisi ya kuwafundisha watoto kuimba, na nia yake ilikuwa kwamba zaburi ziimbwe na watu wote kanisani. Mwaka 1841, mkutano wa walimu wa shule za Jumapili uliofanyika mjini Hull ulimpa mchungaji John Curwen kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kufundishia uimbaji mashuleni na makanisani. Curwen aliichukua njia ya Glover, akairekebisha, na ndiyo iliyosambaa katika Afrika kwa mikono ya wamisionari na walimu wa shule. Haikuundwa kwa ajili ya mabingwa, bali kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na kinanda wala fedha za kukinunua. Ilikusudiwa watu waliokaa katika viti vya nyuma.

Solfa ina sifa tatu zilizoifanya istawi kwetu. Kwanza, do yake huhama. Mwalimu aweza kuianza juu au chini kwa kadiri ya sauti za watu alionao, na uhusiano wa noti haubadiliki; kwa hiyo mwimbaji hujifunza kusikia umbali wa sauti moja na nyingine, badala ya kutegemea kifaa. Pili, mapigo yake huonekana wazi: mstari uliosimama hutangulia pigo zito, nukta mbili hutangulia pigo jepesi, na kistari huonyesha kwamba sauti inaendelea kushikwa. Tatu, huandikwa kwa herufi za kawaida. Zamani karani wa shule aliweza kuupiga wimbo wa sauti nne kwa taipureta, akatoa nakala za kutosha kwaya nzima. Hata leo yatosha ubao, chaki na daftari la mistari.

Walimu waliotoka katika vyuo vya ualimu vya zamani waliibeba elimu hii hadi vijijini, na walipoombwa na taifa waliitumia nje ya kanisa pia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, makwaya ya shule, ya viwanda na ya Jeshi la Kujenga Taifa yaliimba juu ya Ujamaa na Kujitegemea, na waliowafundisha kupanga sauti walikuwa mara nyingi watu waliojifunza kupanga sauti katika shule za misheni. Serikali nayo iliunda Baraza la Muziki la Taifa mwaka 1974, na mwaka 1984 likaanzishwa Baraza la Sanaa la Taifa. Mambo hayo yaonyesha kwamba ukuta kati ya kwaya ya kanisa na kwaya ya taifa haukuwa mrefu. Watu waliupanda na kuushuka kila siku.

Lakini kuna jambo lililopotea njiani. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya watu wote kilikuwa kwetu siri ya mtu mmoja. Mwalimu alijua kusoma. Wanakwaya walisikiliza na kukariri. Alimwimbia kila mmoja sehemu yake, soprano kwanza, kisha alto, teno na besi, naye kila mmoja akaondoka na kipande chake. Njia hiyo ni ya upesi, na kwa hakika kukariri kwa masikio ni karama kubwa tuliyorithi. Hatuidharau hata kidogo. Ubaya wake hauonekani mwalimu akiwapo. Huonekana akiondoka.

Tulipata kuona jambo hili kwa macho yetu katika usharika mmoja ulio mbali na barabara kuu, tulikoitwa kufundisha kwa juma moja. Mwalimu wao alikuwa amefariki miezi michache kabla. Alikuwa mtunzi hodari. Nyimbo zake ziliimbwa katika sharika jirani, na za mazishi zilisifiwa na watu wasio wa dini hiyo. Tuliomba tuonyeshwe madaftari yake. Mzee wa kanisa alitutazama, akasema, "Mwalimu, daftari lake lilikuwa kichwani." Tukaomba basi waimbe wimbo mmoja wa mazishi aliowaachia. Wakaanza. Soprano zilikwenda vizuri. Besi walizishika beti mbili, wakapotea katika ule wa tatu. Teno haikusikika kabisa, kwa sababu vijana wawili walioijua walikuwa wamekwenda Mwanza kutafuta kazi. Wimbo ulisimama katikati, na kanisa likawa kimya.

Siku mbili zilizofuata tuliziacha ratiba zetu. Tuliketi na wanakwaya mmoja mmoja, tukimwomba kila mtu aimbe akumbukacho, nasi tukiandika. Bibi mmoja, aliyekuwa ameacha kwaya miaka mingi kwa ajili ya uzee, aliletwa na mjukuu wake. Alisema hana sauti tena. Tulimwomba aimbe kwa midomo iliyofumbwa tu. Akaitoa alto yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosea, pamoja na sehemu moja ambayo waliosalia walikuwa wameibadilisha bila kujua. Teno hatukuipata. Kijana mmoja wa Mwanza alipigiwa simu, akaimba alichokumbuka huku magari yakipita nyuma yake. Palipokuwa na pengo, tulipaacha wazi katika karatasi. Jumamosi jioni wimbo huo uliimbwa tena, na mjane wa mwalimu alikuwapo. Hatuna haja ya kueleza zaidi. Itoshe kusema kwamba kazi iliyotuchukua siku mbili, na ambayo haikukamilika, ingalikuwa kazi ya kufungua ukurasa kama watu watatu tu katika usharika ule wangalijua kuandika solfa.

Tangu hapo, tuendapo kufundisha, hatuanzi na kwaya. Twamwomba mchungaji au mwinjilisti awaite watu wote: wazee, watoto wa Kipaimara, akina mama, hata wale wajiitao mabubu wa kuimba. Siku ya kwanza hatufundishi, twasikiliza. Twaomba watuimbie nyimbo wanazozipenda, za kanisani na za nyumbani, za kulea watoto na za kazi. Kwa njia hiyo twajua sauti zao zinakaa wapi, na wao wanajua kwamba hatukuja kuwaletea muziki watu wasio nao.

Siku ya pili twaanza na sauti tatu tu: do, mi, so. Twatumia ishara za mikono alizozieneza Curwen: ngumi iliyofumbwa ni do, kiganja kilicholazwa kuelekea chini ni mi, na kiganja kinachomtazama mwimbaji ni so. Mwalimu anyamaza, mkono ndio unaosema. Watoto hulipokea jambo hili kama mchezo, nao wazee huwafuata kwa kuona haya kushindwa na wajukuu zao. Baada ya saa moja twaugawa ukumbi katika pande mbili, mkono wa kulia ukiongoza upande mmoja na wa kushoto upande wa pili, na kwa mara ya kwanza watu wasiowahi kuwa wanakwaya husikia sauti mbili zikikutana, na mojawapo ni yao. Twasitasita kulieleza jambo hili kwa maneno makubwa, lakini tumeona nyuso.

Siku zifuatazo twaongeza noti zilizobaki, kisha mapigo, kisha kuandika. Twasisitiza pia mambo ya mwili: kusimama wima bila kukakamaa, kuvuta pumzi kwa tumbo badala ya mabega, kufungua kinywa kwa kadiri ya irabu. Hapo Kiswahili chatusaidia sana, kwa maana irabu zake tano ni safi, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Lugha chache zina urahisi wa kuimbika namna hiyo. Kupiga kelele si kuimba kwa nguvu. Kwaya inayopiga kelele katika ubeti wa kwanza haina kitu cha kutoa katika ubeti wa mwisho.

Lakini lugha hiyohiyo ina sheria zake, na mtunzi asiyezijua huiumiza. Mkazo wa Kiswahili, kwa kawaida, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Kiingereza na za Kijerumani huanza kwa pigo jepesi na kufuatiwa na pigo zito. Watafsiri wa zamani walihesabu silabi kwa uaminifu mkubwa, ila mkazo mara nyingi uliwashinda. Neno kama "Mungu" au "Bwana" likiwekwa mwanzoni mwa tuni ya namna hiyo, silabi ya mwisho ndiyo inayopigwa kwa nguvu, na neno hutoka limepinda. Neno kama "upendo" au "amani" lingekaa mahali hapo vizuri, kwa kuwa silabi yake ya kwanza ni nyepesi na ya pili ndiyo nzito. Vilevile, kuna "m" na "n" zinazosimama kama silabi kamili. "Mtakatifu" ina silabi tano, na ile "m" yadai noti yake yenyewe. "Mbingu" ina mbili tu. Katika "nchi", mkazo wenyewe uko juu ya "n", ingawa kwaya nyingi huimeza.

Wanafunzi wa ushairi watalielewa jambo hili upesi, maana ni mizani ileile waisomayo darasani. Ubeti wa utenzi una mistari minne, na kila mstari una mizani minane. Vitabu vya tuni vya Ulaya vina kundi kubwa la tuni zinazoandikiwa tarakimu 8.8.8.8, maana yake mistari minne yenye silabi nane kila mmoja. Kwa hesabu, utenzi wowote waweza kuimbwa kwa tuni hizo. Wanafunzi na wajaribu. Wataona kwamba hesabu inatimia lakini sikio linakataa, kwa sababu tuni hizo kwa kawaida humalizia kwa pigo zito, na silabi ya mwisho ya mstari wa Kiswahili haina mkazo. Jaribio hilo dogo lafundisha kuliko hotuba ndefu kwa nini haitoshi kuyavisha maneno yetu mavazi ya tuni za wengine, na kwa nini twahitaji watunzi wetu wenyewe.

Watunzi hao wamekwisha kuonyesha njia. Kwa upande wa Wakatoliki, padre wetu Stephen Mbunga alitoa mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akichunguza jinsi sheria hizo zinavyohusiana na muziki wetu. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia iliyotaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Kwa upande wa Walutheri, Bernard Kyamanywa, aliyekuwa akisoma theolojia Makumira, alitunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa tuni ya kienyeji. Mmisionari Mmarekani Howard Olson, aliyefundisha chuoni hapo, alizikusanya na kuzichapa nyimbo za namna hiyo. Wimbo wa Kyamanywa ulisafiri; umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kilichoanza kutumika mwaka 1993. Hivyo nchi iliyotuletea tuni zake nayo imepokea tuni yetu. Twaomba msomaji aone sababu: wimbo huo uliandikwa. Usingeandikwa, ungebaki bondeni ulikoanzia, kama zilivyobaki nyingine nyingi zisizo duni kuliko huo.

Haifai kuficha kwamba solfa ina mipaka yake. Mapigo ya ngoma yanayopishana, mkono mmoja ukihesabu mawili na mwingine matatu, hayakai ndani yake bila taabu. Ngazi za sauti za ala zetu, kama vile enanga ya Wahaya au ilimba ya Wagogo, hazilingani daima na do re mi. Mwalimu mwenye busara ataandika kile kinachoandikika, na kilichosalia atakipokea kwa sikio kutoka kwa wenyewe. Jembe halikatai kwa sababu haliwezi kukata mti. Kila chombo kina kazi yake.

Wako wasemao kwamba kusoma noti huua roho ya wimbo, kwamba mtu anayetazama karatasi hawezi kumtazama Mungu. Twawajibu kwamba msomaji wa Maandiko hasomi kwa moyo mkavu kwa sababu tu anajua herufi. Karatasi ni ya mazoezi. Siku ya ibada wimbo uko moyoni. Wengine, hasa vijana, hutuambia kwamba simu zimeondoa haja ya kuandika, kwa kuwa wimbo wowote hurekodiwa mara moja. Simu ni msaada, na sisi tumeitumia, kama tulivyoeleza. Lakini rekodi huhifadhi sauti ya siku moja, pamoja na makosa ya siku ile. Asiyejua solfa akitaka kuipata teno kutoka katika rekodi ya watu arobaini, atabahatisha. Zaidi ya hayo, kwaya zilizozoea kuiga rekodi huanza kufanana zote: kinanda kilekile cha umeme, mapigo yaleyale, hata vibwagizo vilevile, toka Bukoba hadi Mbeya. Ajuaye kusoma na kuandika hahitaji kuiga, kwa maana aweza kutunga.

Kuna hatari nyingine, nayo imo ndani ya kufaulu kwetu. Mashindano ya kwaya yamekuza nidhamu, na pale kila kwaya inapopewa wimbo mmoja wa lazima ulioandikwa, yamewalazimisha wengi kujifunza kusoma. Twayaunga mkono. Hata hivyo, usharika ambao kwaya yake imeshinda mara nyingi waweza kugeuka kuwa ukumbi wa watazamaji. Kwaya tano huimba kwa zamu, watu hukaa, hupiga vigelegele na kutoa sadaka, na wimbo wa watu wote huwa mmoja au miwili tu, tena hukatwa kwa sababu muda umekwisha. Kwaya njema haipimwi kwa kikombe kilicho kabatini. Hupimwa kwa namna usharika unavyoimba kwaya isipokuwapo: katika jumuiya za nyumbani, kandoni mwa mgonjwa, njiani kwenda makaburini.

Ikiwa basi twataka urithi huu uwe wa kudumu, kazi yenyewe si kubwa mno. Kila usharika na uwe na daftari moja la nyimbo zake, si la mwalimu bali la usharika, litunzwe pamoja na vitabu vya ubatizo na ndoa, na nakala yake iwekwe mahali pengine. Kila mwalimu wa kwaya na awafundishe watu wasiopungua watatu kuandika solfa, mmoja wao akiwa mtoto. Kila mwaka na itengwe Jumapili moja ambayo kwaya zote zitavua sare na kukaa miongoni mwa watu, zikiongoza bila kuonekana. Walimu wa shule, wawe wa dini hii au ile au wasio na dini, waweza kuyafanya mambo hayohayo kwa nyimbo za kienyeji za mahali walipo: wanafunzi wa kidato cha pili wanaoweza kuhesabu mizani ya shairi waweza pia, kwa majuma machache, kuuandika wimbo wa bibi zao kwa do re mi. Wenzetu Waislamu nao wana hazina ya kasida na maulidi inayopokewa kwa masikio kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, na maswali tunayojiuliza sisi juu ya mwalimu aondokaye huenda nao wanayo.

Wazee wetu husema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Walisema hayo juu ya fedha na biashara, lakini wimbo nao ni mali, tena ni mali ambayo mwenyewe akimpa mwenzake hapungukiwi. Bibi yule wa alto alitunza robo moja ya wimbo kwa miaka mingi pasipo mtu kumwomba. Haitakuwa haki kuwaachia mabibi peke yao kazi ya kulitunzia taifa nyimbo zake, hali chaki ipo, ubao upo, na watoto wako tayari kujifunza.